Kilatini, Kiswahili na muhuri wa lugha mbili

Katika karibu majimbo yote ya Marekani, mwanafunzi wa sekondari anayethibitisha kwamba anamudu Kiingereza pamoja na lugha nyingine hugongewa muhuri kwenye cheti chake cha kuhitimu. Tuuite Muhuri wa Lugha Mbili. Ulianzia California, ambako shirika la Californians Together liliupigania hadi gavana Jerry Brown akaitia saini sheria yake mwaka 2011, na mwaka uliofuata wahitimu zaidi ya 10,000 waliupata. Ubishi unaonishughulisha hapa unaonekana mdogo ukiutazama kwa mbali: je, ni haki mwanafunzi wa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea nayo mtoto, apewe muhuri uleule anaopewa anayeishi na Kihispania, Kivietinamu au Kiswahili nyumbani kwao?

Wanaosema si haki hawasemi ovyo. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 227, lililoagiza watoto wasiojua Kiingereza wafundishwe kwa Kiingereza karibu peke yake, na sehemu kubwa ya sheria hiyo haikuondolewa hadi Pendekezo 58 la mwaka 2016. Muhuri ulizaliwa katikati ya miaka hiyo migumu, ukiwa na ujumbe kwa mtoto wa mhamiaji kwamba lugha ya mamake ni mali, hata kama darasani inaonekana mzigo. Ukiishia kupamba vyeti vya watoto wa shule zenye uwezo, ambao wazazi wao hawakuwahi kuchekwa kwa lafudhi yao, mtu ana haki ya kuuliza ulitengenezewa nani. Isitoshe, mwanafunzi wa Kihispania hupimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, ilhali mtihani wa ALIRA, unaotumiwa sana kwa Kilatini, hupima kusoma tu, kwenye kompyuta, kwa maswali ya kuchagua jibu. Hospitali inayotafuta mtu wa kupokea wagonjwa nayo haina haja na msomaji wa Virgil, mshairi wa kale wa Kirumi.

Hata hivyo, nadhani Kilatini kinahukumiwa kwa kosa ambalo si lake. Muhuri huu, kwa jina lake la asili la Kiingereza, Seal of Biliteracy, haukusudii kuzungumza lugha mbili. Unakusudia kusoma na kuandika lugha mbili. Tofauti hiyo wengi wanairuka. Anayejua kuongea hadi akavunja watu mbavu lakini hawezi kufuata hoja iliyoandikwa kwa kurasa tatu ana kipaji kikubwa, ila si kile kinachotajwa kwenye muhuri. Kwa kipimo hicho, anayeketi na maandishi ya Kaisari akatoka na maana yake hajaingia kwa mlango wa nyuma.

Wala kazi yake si nyepesi kama inavyodhaniwa. Chukua maneno matatu: «Puerum canis mordet.» Anayesoma kwa kufuata mpangilio wa maneno, kama Kiingereza kinavyomzoeza, atasema mtoto anamuuma mbwa. Kumbe mbwa ndiye anayemuuma mtoto, na kinachoeleza hivyo ni zile herufi mbili mwishoni mwa «puerum». Yabadili yawe «puer canem mordet», sasa mtoto ndiye mwenye meno. Sisi wa Kiswahili tumezoea viambishi vinavyokaa mwanzoni mwa neno na ndani ya kitenzi. Msomaji wa Kilatini hana budi kutazama mkia wa kila neno, akabeba maana kadhaa kichwani hadi sentensi iishe ndipo ajue nani kamfanya nani nini. Mtu anayeweza hivyo kwa kurasa nzima amejifunza kusoma kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui hata katika lugha yetu wenyewe. (Na tuliokulia chuoni tukihitimisha juzuu kabla hatujajua maana ya aya moja tunaelewa vizuri kwamba kutamka maandishi ni jambo moja na kuyafahamu ni jingine.)

Lakini hoja inayonivuta zaidi imo ndani ya sheria yenyewe ya California. Sheria inasema kwamba lugha ambayo haina sifa ya kusikilizwa, kuzungumzwa au kusomwa, au isiyo na maandishi, ipimwe kwa zile njia ambazo watumiaji wake huwasiliana kwazo. Kifungu hichohicho kinachomwondolea mwanafunzi wa Kilatini mtihani wa kuzungumza ndicho kinachomlinda kiziwi anayetumia lugha ya ishara, na ndicho kinachomlinda kijana wa jamii ya wenyeji wa Amerika ambaye lugha ya bibi yake haikuwahi kuandikwa. Ukimfungia mlango msomaji wa Kilatini kwa madai kwamba kila lugha ipimwe kwa njia zote nne, umewafungia hao pia, na wao hawana shule tajiri za kuwatetea. Wanaodai mizani moja kwa wote wangelitafakari hilo kabla ya kulishangilia.

Kwetu wasomaji wa Kiswahili, ubishi huu wa Kilatini unatufikisha nyumbani. Mwaka wa fedha wa 2019 Marekani ilipokea wakimbizi 30,000, na takriban 13,000 kati yao walitoka Kongo, wengi wakiwa watu wa mashariki wanaozungumza Kiswahili. Mchukulie kijana aliyezaliwa Uvira, akaanza shule kwa Kiswahili kidogo kisha Kifaransa, akapita kambini, na sasa ana miaka 16 katika jimbo lenye theluji. Akitaka muhuri, kwanza athibitishe Kiingereza, sharti ambalo kwa mgeni wa miaka miwili ndilo zito kuliko yote. California yenyewe ilikiri hivyo ilipoongeza njia za kulitimiza mwaka 2023. Kisha aithibitishe lugha yake. Mitihani ya lugha ya AP, yaani mitihani ya kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari, ambayo ndiyo njia nyepesi kwa shule nyingi, ipo kwa lugha 7: Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani, Kijerumani na Kilatini. Lugha ya Kaisari imo, na lugha ya kijana huyu, inayozungumzwa na makumi ya mamilioni ya watu walio hai, haimo. Kiswahili kimo kwenye mitihani ya IB, mpango wa kimataifa wa masomo ya sekondari, lakini ni shule chache zenye mpango huo. Hapo ndipo uonevu ulipo, na haukuletwa na Kilatini.

Je, kijana huyo naye aondolewe kuandika, kama mwenzake wa Kilatini alivyoondolewa kuzungumza? Kuna wanaopendekeza hivyo kwa nia njema, nami sikubaliani nao. Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi. Kuna hati za Hamziya, shairi la kumsifu Mtume lililotafsiriwa kutoka Kiarabu, zenye umri wa zaidi ya karne mbili. Kukichukulia kama lugha ya mdomo tu ni kukishusha kwa jina la huruma. Anachohitaji ni darasa la kumfundisha kusoma na kuandika kile anachokisema tayari, pamoja na mtihani uliotungwa na watu wanaokijua Kiswahili kwa upana wake.

Na upana huo si jambo dogo. Kijana wa Uvira akiandika «bintu» na «batoto», msahihishaji aliyesomea Kiswahili sanifu atapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, ilhali mtu wa Bukavu atasoma hadi mwisho bila kusita. Sheria ya California tangu mwanzo imeiruhusu wilaya ya shule kutunga mtihani wake pale ambapo hakuna wa AP wala mwingine ulio tayari, mradi uwe na uzito wa kozi ya miaka 4 ya sekondari. Kwa hiyo kifungu kipo, na watoto wapo. Bado hawajaketi mezani walimu watatu wanne, mmoja wa Unguja, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Kivu, wakabishana alama ngapi zikatwe kwa «bintu», au kama kuna sababu yoyote ya kuzikata.