Nani Kachomeka Flashi Tena?

Kompyuta ni yangu. Risiti ninayo. Niliinunua ya mtumba, ile ya mezani, feni lake linasikika mpaka kwa jirani, nikaiweka sebuleni kwa sababu chumbani soketi imekufa, na ya fundi umeme tuyaache kwa leo. Lakini tangu ikae sebuleni imegeuka mali ya ukoo. Mwanangu anafanyia kazi za shule, mpwa wangu anahamishia muvi, mama watoto kaweka humo hesabu za kikoba, na shemeji yangu haingii ndani bila flashi shingoni, kwenye ile kamba ya kitambulisho cha kazi. Kazi yenyewe hana.

Hiyo flashi ndiyo ninayotaka tuiongelee. Watu wakisikia virusi wanamfikiria kijana kavaa sweta la kofia, kakaa gizani Urusi huko, anapiga kibodi. Jamani, huyo wa Urusi ananijulia wapi mimi wa Mbagala? Anataka nini kwangu, marejesho ya kikoba? Virusi vya kwangu vinapanda daladala. Vinatoka steshenari, kwenye ile kompyuta ya kona inayochomekwa flashi za wanafunzi, za wahubiri na za madijei wa kigodoro, asubuhi mpaka usiku, bila hata moja kukaguliwa. Shemeji anachapisha CV yake pale, anachomoa, anakuja moja kwa moja kwangu. "Shemeji, nirekebishe tarehe tu mara moja." Anarekebisha tarehe. Anakunywa na chai. Akishaondoka, kila flashi inayogusa mashine yangu inatoka imeharibika.

Shotikati mnazijua? Unafungua flashi, unakuta mafolda yako yote yapo na majina yake, ila kila moja limeota kishale kwenye kona. Ukiangalia ukubwa, kilobaiti moja au mbili. Harusi nzima, na ukumbi, na wapishi, na shangazi zangu wote, kilobaiti mbili! Ukibofya, kirusi kinaamka kwanza, kinajinakili kwenye kompyuta, halafu kwa adabu zote kinakufungulia folda lako uone mambo ni shwari. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho miezi hajui kitu. Na mafaili yenyewe hayajaenda popote. Yamepigwa muhuri wa kufichwa na muhuri wa kuwa mali ya mfumo, na Windows ikiona mihuri hiyo miwili inanyamaza, haikuonyeshi.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, darasani mwaka wa pili, mdomoni mwaka wa nne. Akafungua kile kidirisha cheusi, akaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na kunieleza kwamba hiyo F ni herufi ya flashi, kila mtu aangalie yake. Mama watoto akapita na beseni, akaona maandishi meupe kwenye weusi, akauliza kwa sauti ya chini kama tunaingia kwenye benki ya watu. Mafaili yakarudi. Nikapiga makofi.

Ikachomekwa flashi nyingine. Shotikati tupu.

"Mjomba," akasema, "flashi tumeisafisha, lakini kirusi bado kiko kwenye mashine. Kimejiandikisha kwenye programu zinazoamka kompyuta ikiwashwa." Kumbe tulikuwa tunapiga deki huku bomba linavuja. Inabidi ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukisake kwenye orodha ya yanayoendelea, ukizime, ukifute kule kilikojiandikisha, ndipo urudi kwenye flashi. Na kwenye hiyo orodha kuna majina, Mungu wangu! svchost, svchost, svchost, yamejipanga mstari mzima, na mpwa ananiambia hayo ni ya halali, nisiyaguse. Mwenye jina la kutisha ndiye raia mwema. Mhalifu anajiita update.

Nikashauriwa niweke antivairasi. Mpwa akaweka ya bure. Kesho yake shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaleta ya kwake, "ya kulipia lakini imepasuliwa," yaani imevunjwa kufuli itumike bila kulipa, na kifaili kidogo cha kuiwezesha. Nikasoma maelekezo: kwanza zima antivairasi iliyopo, kisha bofya hapa. Yaani mlinzi mpya hawezi kuingia kazini mpaka wa zamani atolewe getini! Nikauliza kama hilo halimshtui. Akasema ndivyo zilivyo zote. Ikawekwa. Basi zikawa mbili, kwenye mashine yenye RAM ya giga nne, kila moja inakagua kile ambacho mwenzake kakifungua ili akikague. Mimi nataka kuona nani hajarejesha mkopo wa kikoba, wao wanapekuana mifukoni.

Halafu nikiingia mtandaoni linaruka tangazo jekundu: "Kompyuta yako ina virusi 5! Bofya hapa!" Mpwa anasema ukurasa wa mtandaoni hauna uwezo wa kupekua mashine yako, hiyo tano wameipanga ofisini kwao. Nami nilikuwa nimeshangaa kidogo. Kwa nyumba hii, tano ni chache.

Zamani hata virusi vilikuwa na ustaarabu. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta Lahore, Pakistan, walitoa kirusi kilichoitwa Brain, kikawa kinasafiri kwa disketi, na humo ndani wameandika majina yao, anuani ya duka na namba za simu. Ukiumwa, unapiga. Walisema wanawabana wanaonakili programu yao bila kulipa, ambalo kwa kweli ni somo la shemeji. Sasa waangalie wa leo. WannaCry ya Mei 2017 ilifunga mafaili ya watu dunia nzima, ikataka dola 300 kwa bitcoin, siku tatu zikipita inakuwa 600. Hata vikoba havina riba hiyo. Na kinga yake ilikuwa imeshatoka tangu Machi mwaka huohuo, kwenye masasisho ya Windows.

"Ndiyo maana nasema tuwe tunasasisha, mjomba."

Kwa bando la nani?

Mwishowe tukamwita fundi. Mafundi wa kompyuta mtaani kwetu wana dawa moja, kupiga windo, yaani kufuta na kuweka Windows upya. Mausi haisogei, tupige windo. Spika inakwaruza, tupige windo. Nadhani hata ukimwambia unaumwa mgongo atauliza una Windows ngapi. Ya kwangu ilikuwa 7. Akacheka, akasema hiyo iliachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Januari 2020. Basi weka 11, nikamwambia. Haikubali, mzee, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya, hii yako ni ya zamani. Akaweka 10, nayo msaada wake wa kawaida ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Nimelipa hela nitoke kwa marehemu mmoja nihamie kwa mwingine.

Alipofika asilimia 80 ndipo akageuka: "Mzee, kwani kwenye D, ile sehemu ya kuhifadhia mafaili, kulikuwa na kitu?"

Chumba kikawa kimya. Mama watoto akaingia chumbani, akarudi na kaunta buku, lile jekundu, hesabu zote za kikoba zimeandikwa kwa kalamu tangu siku ya kwanza. "Nyie chezeni na hiyo televisheni yenu," akasema. Miaka yote anajaza kotekote, na hakuwahi kunidokeza.

Basi kompyuta ikawaka, safi, haina hata picha ya ukutani. Haina sauti pia. Haina na intaneti, kwa sababu draiva ya intaneti, ile programu ndogo ya kuiendesha, haipo. Draiva inapatikana wapi? Intaneti. Fundi akaniangalia, akaangalia simu yangu mezani. "Mzee, tuunganishe kwa waya wa simu dakika moja tu, tushushe draiva, ni megabaiti kidogo." Nilikuwa nimejiunga bando la wiki asubuhi ileile, nikitegemea mechi ya Jumamosi. Nikaunganisha. Draiva ikashuka kweli, fundi akapokea chake, akakaza zipu ya begi, akaaga.

Hakuna aliyeiambia Windows kwamba ile intaneti ni ya dakika moja. Shemeji alikuwa bado kwenye kochi, anasubiri turudishe meza ili arekebishe tarehe. Simu ikalia: "Ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako." Nikaruka kuchomoa waya, mpwa akanishika mkono, "Mjomba, usichomoe, inasasisha!" Kwenye kioo imeandikwa usizime kompyuta, asilimia 4. Simu ikalia tena.