Fundo Huja Saa Kumi Jioni

Tangazo la warsha ya shanga lina maneno matatu matamu: "Saa tatu kamili. Vifaa vyote vitatolewa. Utaondoka na bangili yako mkononi." Hiyo saa tatu ni saa anayofika mwenye funguo za ukumbi. Mgeni rasmi hufika saa nne na nusu, na kabla yake haruhusiwi mtu kugusa hata ushanga mmoja, maana picha ya ufunguzi inataka meza nadhifu.

Halafu utambulisho. Watu 25, kila mmoja jina, anakotoka na matarajio. Kwa dakika 2 kwa mtu ni dakika 50, na hapo bado hujamhesabu yule mama anayeanzia kwa babu yake mzaa baba. Matarajio yenyewe ni yaleyale: "Natarajia kujifunza." Jamani, nani alidhani umekuja kufanyiwa tohara? Zinafuata kanuni za pamoja kwenye karatasi kubwa ya ukutani: simu kimya, kuheshimiana, kutunza muda. "Kutunza muda" inaandikwa saa tano na nusu.

Kisha chai, na hapa naomba utulivu. Mtu anayeandaa chai ya warsha ya shanga akaleta maandazi, sambusa na kachori ni adui wa bangili. Mafuta ya vidoleni yanahamia kwenye lastiki, na gundi haishiki penye mafuta. Fundo litavumilia siku mbili, ya tatu linateleza lenyewe, kimyakimya, wewe ukiwa kwenye foleni ya benki. Mihogo ya kuchemsha si ipo? Kama sambusa ni lazima, basi sabuni na maji viwe mlangoni, siyo "zunguka nyuma ya jengo, umwombe mlinzi ufunguo."

Tuje kwenye vifaa vyote vitakavyotolewa. Unapewa kifuko kimoja: shanga za rangi zote zimechanganywa kama mchele na mawe yake, mita moja ya lastiki, jozi moja ya ndoano za hereni, na vipete kumi, zile pete ndogo za kuunganishia. Koleo ni moja kwa meza ya watu watano.

Sasa kipete hakifunguliwi kwa koleo moja. Kinataka mawili, moja kila upande wa mwanya. Mkono mmoja unasukuma mbele, mwingine unavuta nyuma, kama mlango unavyofunguka. Ukizitenganisha ncha kwa kuzivuta kushoto na kulia, duara linageuka yai na ncha hazitakutana tena milele. Unabaki mwanya mwembamba usiouona kwa macho, ila uzi unauona. Uzi unapenya, kidani kinashukia Ubungo, wewe unashukia Kimara. Kufunga ni mwendo uleule: zipitishe ncha kidogo, zirudishe, mpaka uzisikie zikikwaruzana na kukaa. Watu watano, koleo moja: wanne wanasubiri na wa tano anatumia meno. Waya hauulizi kama meno ni ya kuzaliwa au ya kununua.

Na hilo koleo lenyewe ni la fundi umeme, ndani lina meno yake. Kila linapong'ata shaba linaacha alama kama panya kwenye sabuni. La kazi hii liwe bapa na laini ndani. La pili liwe na mdomo mviringo wa kukunjia vitanzi. La tatu kikatio. Ukilikosa lililo laini, lile la fundi umeme livalishe plasta ya kidonda kwenye meno yake. Hilo ndilo somo la maana la saa nzima ya asubuhi, na utalipata kwa dada wa meza ya jirani, si kwa mwezeshaji.

Mwezeshaji yeye anafundisha namba. Aliyepanga namba za shanga alikuwa na ugomvi na binadamu. Ushanga namba 6 una upana wa kama milimita 4. Namba 8, milimita 3. Namba 11, milimita 2. Namba 15, milimita moja na nusu. Yaani namba ikipanda, ushanga unashuka. Ukidhani umeshazoea, waya nao hivyohivyo: geji 20 ni milimita 0.8, geji 24 ni nusu milimita. Sindano pia, namba 12 ni nyembamba kuliko namba 10. Kiatu hakina tabia hii! Ndiyo maana anayetumwa Kariakoo kuongeza shanga "kubwa kidogo kuliko 11" anarudi kifua mbele na namba 15, vumbi tupu. Sindano namba 10 ikipita humo mara ya kwanza, mara ya pili ushanga unapasuka, maana tundu tayari limejaa uzi. Na dukani hawapokei shanga zilizofunguliwa.

Kuna na hili la Cheki na Japani. Shanga za Cheki, hizi zinazotoka upande wa Jablonec nad Nisou na ambazo kina mama wa Kimasai wanazijua kuliko mwezeshaji yeyote, huja zimetungwa kwenye vishada, kwa kawaida nyuzi 12 kwa kishada. Ni nzuri, zinang'aa, lakini hazilingani: nyembamba, nene, nyembamba, nene, kama chapati za mwanamume anayeishi peke yake. Kwa mkufu wa kutunga au kola ya Kimasai haina shida, jicho linasamehe. Za Japani, Miyuki na Toho, zinalingana sana, na aina ile ya Delica imenyooka kama vipande vya bomba, zikipangwa zinakaa kama matofali. Warsha inafanyaje? Inakupa mchoro wa ua uliopangwa kwa Delica, kisha inakugawia za Cheki. Ua linatoka kaa. Mwezeshaji anapita, anainamisha kichwa, anasema, "Ni ubunifu wako, dada."

Ukitaka ua libaki ua, kabla ya kuanza mwaga shanga kwenye kitambaa, tenga zile nene sana na zile nyembamba sana, fuma na zilizobaki. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Ratiba imeipa kazi nzima ya kufuma nusu saa.

Na kufuma kwenyewe kuna sentensi moja tu, ikikosekana darasa zima linapotea. Unatunga shanga kwa idadi inayogawanyika kwa mbili, tuseme 12. Kisha unaokota mmoja, unaruka mmoja, unapita katika unaofuata. Sentensi yenyewe: zile 12 za mwanzo si safu moja, ni safu mbili, zinajigawa unaporudi, moja juu moja chini. Asipoambiwa, mtu anahesabu safu na hesabu inagoma, anafumua, anaanza upya, anafumua. Hadi safu ya tatu kitu kinajipinda kama mkojo wa ng'ombe, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wakati kuanzia ya nne kinanyooka chenyewe. Uzi usizidi pima moja, mikono miwili ikinyooshwa. Yule anayekata pima tatu "ili nisiunge" atakesha akifungua mafundo. Na uupake nta ya nyuki, la sivyo unachambuka nyuzi.

Ukigundua umetunga ushanga mmoja wa ziada kumi nyuma, usifumue. Ingiza sindano ndani ya tundu la huo ushanga ili iukinge uzi, funika kwa kiganja, ubane kwa koleo upasuke. Bila sindano, kioo kinakata uzi. Bila kiganja, kioo kinaenda kwenye jicho la jirani, na ndiyo kwanza mmetambulishana.

Lakini wote hao si adui mkubwa. Adui mkubwa yuko darini, anazunguka. Mtu mmoja anasema joto, feni inawashwa namba 5, vitambaa vya meza vinanyanyuka kama khanga za Forodhani jioni, na shanga za namba 11 za watu 25 zinakuwa mali ya umma. Usizifagie. Ufagio unaleta shanga, nywele na mchanga wa awamu zote za serikali. Zima taa, weka tochi ya simu ilale sakafuni. Mwanga ukipita chini kila ushanga unatupa kivuli kirefu, hata aliyekimbilia chini ya kabati. Zilizo karibu zibonyeze kwa kidole kilicholowa. Aliye na mashine ya kufyonza vumbi avishe soksi nyembamba mdomoni mwake.

Saa saba ni pilau. Saa nane, wakati watu wanasinzia, inaingia mada inayoitwa "Fursa za Masoko". Kijana mwenye koti anaonyesha picha ukutani za namna ya kuuza hereni Ulaya. Hereni ambazo hazijatengenezwa. Anazungumzia makontena. Mezani kila mtu ana ndoano jozi moja.

Angezungumzia maonyesho ya Sabasaba angekuwa wa maana. Kwa mfano, kwamba kule Barabara ya Kilwa jua la mwezi wa saba linapauza shanga zilizopakwa rangi juujuu, na kwamba kuzijua ni rahisi: zisugue na pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha; pamba ikibadilika rangi, hizo weka nyumbani. Kwamba meza isiyo na kioo cha kujitazamia haiuzi hereni. Kwamba mteja atashika mkufu wa nyuzi tatu wa sentimita 45, atauliza bei, ataambiwa elfu thelathini, atacheka: "Shanga tu hizi, dada yangu!" Mwandikie hesabu kwenye kadi. Namba 11 ni fupi kuliko upana wake, kwenye uzi zinaingia kama 7 kwa sentimita moja. Mara 45 ni 315. Mara nyuzi tatu ni 945. Kila mmoja umeokotwa kwa ncha ya sindano. Hatanunua, lakini ataurudisha mezani kwa adabu.

Wengine wanaona ukumbi hautoshi, wanaandaa kambi ya siku mbili Bagamoyo, "shanga na utulivu wa bahari". Upepo wa bahari na ushanga wa milimita 2! Usiku taa ni ile ya njano, na chini ya taa ya njano buluu iliyokoza, kijani iliyokoza na nyeusi ni ndugu wa tumbo moja. Asubuhi unakuta mistari yako mitatu imepata mchanganyiko. Rangi zichaguliwe mchana, usiku watu wakunje waya. Hata hapohapo Bagamoyo kosa la rangi lina umri wake: Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone, kabla ya kuondoka hapo mwaka 1871 ilimbidi kuumiza kichwa kuhusu shanga za kubeba, kwa kuwa nyeusi zilizokuwa fedha Ugogo, kwingine hawakuzitaka hata bure. Wateja ni walewale.

Basi, turudi ukumbini, saa kumi jioni inagonga. Sasa hivi ndipo mwezeshaji anakumbuka: "Ehe, tumalizie na fundo." Fundo! Kitu kimoja kinachoamua kama una bangili au una shanga 24 zinazosafiri pamoja kwa muda.

Lastiki ilipaswa kuvutwavutwa kabla ya kutunga hata ushanga mmoja. Isipovutwa, itajivuta yenyewe mkononi, na baada ya wiki bangili inaning'inia, nyuzi zinachungulia kati ya shanga. Hilo linasemwa saa kumi na dakika tano, kila mtu ameshatunga. Kipimo kilipaswa kuwa mzunguko wa mkono pamoja na unene wa shanga, kwa sababu shanga nene zinakula nafasi kwa ndani. Mkono wa sentimita 16 na shanga za milimita 8: ongeza sentimita mbili na nusu. Shanga 23 zinabana, 24 zinakaa. Watu wametunga 20 kwa kukadiria kwa macho.

Fundo lenyewe: ncha izungushwe mara mbili badala ya mara moja, vuta, kisha fundo la pili juu yake, vuta mpaka lipungue na kulala. Tone moja la gundi laini ya mapambo. Usiweke ile gundi kali ya dukani inayoshika kwa sekunde, hiyo ikikauka inaifanya lastiki kuwa ngumu kama tambi mbichi, inakatika palepale pembeni ya fundo. Acha mikia ya milimita tatu, livute fundo lijifiche ndani ya tundu la ushanga. Kisha subiri saa 24.

Saa 24. Gari la mgeni rasmi linaondoka baada ya dakika 24.

Kwa hiyo gundi inapulizwa kwa midomo, vyeti vinagawiwa. Vyeti vimepitishwa kwenye plastiki, havipenyi maji. Bangili bora ya siku inachaguliwa, yenye shanga zake 24 kamili, anavishwa mgeni rasmi kwa vigelegele. Mpiga picha anamwomba anyanyue mkono juu kidogo, mzee, juu zaidi, ili ionekane.

Inaonekana. Taa zinazimwa, tochi 25 zinalazwa sakafuni, na wenye vyeti vyao kwapani wanapiga magoti. Shanga 23 zinapatikana. Wa 24 umeingia kwenye kiatu cha mgeni rasmi, na hakuna wa kumwambia.