Flashi ikitolewa ndani ya seva, tunapoteza nini hasa?

Ukipendekeza diski za flashi, zinazohifadhi data kwenye chipu bila sehemu inayozunguka, zitolewe ndani ya seva na kuwekwa pamoja mahali pamoja, seva zizitumie kupitia mtandao, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba mtandao utazichelewesha. Zamani jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana limedumu. Leo linarudiwa na watu makini ambao hawajarudi kupiga hesabu upya.

Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani, anayeomba data husubiri nusu ya muda huo, mbali na muda wa kichwa cha kusomea kusogea. Penye subira ya namna hiyo, sehemu ya kumi ya milisekunde inayoliwa na mtandao haihisiwi na mtu. Flashi ilipokuja, ikisoma kwa takribani mikrosekunde 100, mizani iligeuka. Itifaki (kanuni za mawasiliano) kama iSCSI, iliyobeba mtandaoni amri zilizobuniwa enzi za sahani, iliweza kuongeza subira inayokaribia ya flashi yenyewe au hata kuizidi. Wahandisi wakachomeka flashi ndani ya seva, na kwa wakati ule walifanya la busara.

Kilichobadilika baadaye hakikuwa kasi ya kebo peke yake. Toleo la kwanza la NVMe, kanuni za seva kuzungumza na diski za flashi, lilitoka mwaka 2011, likaachana na mfumo wa zamani wa AHCI uliokuwa na foleni moja ya amri 32. NVMe inaruhusu maelfu ya foleni, kila moja ikibeba maelfu ya amri, hivyo kila kiini cha prosesa kinaweza kuwa na foleni yake bila kugombania ya mwenzake. Mwaka 2016 ikaja NVMe-oF, ambayo huzisafirisha foleni hizo mtandaoni zikiwa vilevile, bila kuzitafsiri kwenda lugha ya zamani na kuzirudisha. Walioibuni walijiwekea lengo kwamba umbali usiongeze zaidi ya mikrosekunde 10. Kumi juu ya mia moja! Tofauti kati ya diski mbili za aina moja, moja ikiwa tupu na nyingine ikikaribia kujaa, inaweza kuizidi hiyo.

Kwa hiyo tuangalie upande wa pili wa daftari, ambao watetezi wa diski ya ndani huupita haraka. Flashi iliyofungwa ndani ya seva hukadiriwa siku ya manunuzi, na mnunuzi hukadiria kwa hofu: ananunua kwa ajili ya siku ya msongamano mkubwa kuliko zote. Miezi sita baadaye hifadhidata ileile imeishiwa nguvu za prosesa huku diski zake zikiwa nusu tupu, na seva ya jirani ina prosesa zisizo na kazi lakini haina nafasi hata ya kuandika kumbukumbu za matukio. Nafasi iliyobaki kwa mmoja haimfai mwingine. Kinachofanyika ni kununua seva nzima ili kupata diski, au kununua diski ili kupata prosesa.

Watafiti wa Stanford na Facebook walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waligundua kuwa kuitenga flashi kulipunguza kazi inayofanywa na programu kwa takribani asilimia 20, lakini hasara hiyo ilifidiwa kwa kuwa prosesa na flashi ziliweza kuongezwa kila moja kwa mahitaji yake. Jambo ninalotaka lisisitizwe, kwa sababu nadra kulisikia likitajwa, ni kwamba walitumia iSCSI. Yaani hata kwa itifaki ileile ya zamani, ile inayotolewa mfano kila mtu anapotaka kuonyesha ubaya wa hifadhi ya mtandaoni, hesabu ilitoka.

Kuna takwimu moja inayopendwa na upande wa pili, nayo inastahili kutazamwa kwa makini. Diski moja ya kizazi cha PCIe 4.0 (njia inayounganisha diski na prosesa) husoma karibu gigabaiti 7 kwa sekunde. Weka 24 ndani ya seva moja, unapata gigabaiti 168. Mlango wa mtandao wa gigabiti 100 kwa sekunde hupitisha gigabaiti 12.5 tu, maana baiti moja ni biti nane. Wanasema: tazama, mtandao unatupa zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu tuliyoilipia. Lakini swali langu ni nani ndani ya seva hiyo anayeweza kuzimeza gigabaiti 168 kila sekunde. Prosesa yenye njia nane za kumbukumbu ya muda (RAM) ya aina ya DDR4-3200 ina uwezo wa kinadharia wa gigabaiti 204.8 kwa sekunde, na data inayotoka diski kwa kawaida huandikwa kwenye kumbukumbu kisha husomwa tena na programu. Hizo ni safari mbili, jumla 336. Seva inashindwa kabla mtandao haujaulizwa lolote. Takwimu iliyoletwa kuulaumu mtandao inaonyesha kwamba tumerundika diski mahali ambapo haziwezi kutumika kikamilifu, na kwamba zingegawanywa kwa seva kumi, kila moja na mlango wake, zingefanya kazi zaidi.

Hoja nzito ya wapinzani wa mtandao haihusu wastani, inahusu ombi lililochelewa kuliko mengine. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google waliieleza mwaka 2013 kwa hesabu isiyopingika: kama seva huchelewa kwenye ombi 1 kati ya 100, na kazi ya mtumiaji inahitaji majibu ya seva 100, basi asilimia 63 ya watumiaji wataonja ucheleweshaji huo. Kila swichi na kila foleni ya ziada ni nafasi nyingine ya kuwa yule mmoja. Naikubali hoja hii. Ila flashi yenyewe ina tatizo hilohilo hata ikiwa ndani ya seva: kufuta kipande chake huchukua milisekunde, na ombi la kusoma likiangukia nyuma ya ufutaji husubiri. Kwenye hifadhi ya pamoja yenye nakala, ombi hilo linaweza kupelekwa kwenye nakala ambayo haiko kwenye usafishaji.

Lingine ni ukubwa wa ajali. Seva moja ikifa na diski zake, umepoteza seva moja. Hifadhi ya pamoja ikiyumba, wengi huanguka pamoja. Aprili 2011, badiliko la mtandao lililokosewa katika kituo cha Amazon mashariki mwa Marekani lilitenganisha hifadhi za EBS, yaani diski ambazo Amazon huwakodishia wateja kupitia mtandao, na nakala zake. Zote zikaanza kutafuta nafasi ya kujinakili kwa wakati mmoja, zikaumaliza uwezo uliokuwepo, na huduma za wateja wengi zikasimama. Hilo si la kufunikwa.

Aina ya mtandao nayo ina uzito wake. RDMA, njia ya kompyuta moja kusoma kumbukumbu ya nyingine bila kuishughulisha prosesa yake, ikipita juu ya Etheneti ina kasi kubwa, lakini kwa kawaida huwekwa kwenye mtandao usiodondosha pakiti, ambako swichi huamuriana kusimama. Microsoft walieleza mwaka 2016 jinsi kadi moja mbovu ya mtandao inavyoweza kusambaza amri za kusimama hadi mbali. NVMe juu ya TCP, itifaki ya kawaida ya intaneti, iliyoidhinishwa mwaka 2018 na kuingia kwenye Linux 5.0 mwaka uliofuata, inaongeza mikrosekunde na kutumia prosesa zaidi, ila inapita kwenye swichi za kawaida na wasimamizi wanajua kuitibu. Kwa walio wengi, ningeanzia hapo.

Wapo ambao wasihame. Programu kama Cassandra (hifadhidata) na Kafka (mfumo wa kupokea na kusambaza ujumbe) hutunza nakala zao wenyewe, aghalabu tatu. Ukiziweka juu ya hifadhi inayotunza tatu nyingine, unalipia nakala tisa za kitu kimoja. Hao diski ya ndani inawafaa, mradi wakumbuke kwamba seva ikiondoka, data iliyo ndani yake nayo imeondoka.

Anayetaka kuamua apime, na asipime hifadhi ikiwa imetulia. Ang'oe diski moja makusudi, aache hifadhi ijijenge upya huku programu zikiendelea na kazi, kisha asome muda wa ombi la polepole kuliko yote katika kila 1,000. Arudie hivyohivyo kwa diski za ndani.