Aitwe Seremala Kwanza

Nyumba yangu ya magurudumu ni Hiace kuukuu iliyostaafu udaladala Mbagala. Niling'oa viti vya abiria, nikapiga kitanda, jiko la gesi la plati mbili na pazia la maua. Siti ya mbele kushoto nayo niliitoa, mahali pake nikaweka kabati la vyombo. Sikumwuliza fundi yeyote. Nani asiyejua kukaza skrubu?

Safari ya kwanza nikampeleka shangazi kwao Mikindani, yeye kajilaza kitandani kama malkia. Kwenye Daraja la Mkapa alinisimulia kivuko cha Ndundu, jinsi kabla ya daraja kufunguliwa 2003 walivyolala Rufiji siku tatu, yeye na kuku wake. "Nyie mnadeka tu." Nangurukuru tukanywa chai. Kuanzia hapo akawa anaulizia mwiko wake, nami naitikia "utaonekana" bila hata kugeuka.

Tumeiacha Lindi, tunaikaribia Mingoyo, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, nikasikia krrr, kisha pwaa! Taa ya betri ikawaka, mshale wa joto ukapanda kama bei ya sukari mwezi wa Ramadhani. Nikaegesha chini ya mwembe.

Mabingwa hawakukawia. "Gasketi hiyo." "Gasketi wapi, pampu ya maji!" Mzee mmoja mwenye kikapu cha ming'oko alilipiga tairi teke, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Fundi akaja na spana mbili na bisibisi mfukoni. Akafungua mlango wa kushoto ainue siti aifikie injini, akakutana uso kwa uso na sufuria. Kabati nilikuwa nimelikaza juu ya mfuniko wa injini kwa skrubu arobaini na gundi ya mbao. Akaniangalia kwa huruma.

"Bosi, mimi fundi gari. Hii nyumba. Aitwe seremala kwanza."

Seremala alipofika alilizunguka kabati, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Nani kakutengenezea hiki?"

"Kuna fundi mmoja, Dar."

"Kakudhulumu. Mrudie akupe hela yako."

Nikaahidi nitamrudia.

Vyombo vikashushwa chini ya mwembe, jiko nalo likashushwa. Shangazi si mtu wa kukaa bure. Akawasha, akakanda unga, akaanza kusukuma chapati kwa chupa ya soda. Mara kijana akauliza, "Shikamoo mama, chai bei gani?"

"Marahaba. Mia tatu. Chapati mia tano."

Hata hakupepesa macho! Nusu saa baadaye kuna lori limeegeshwa, na mimi naosha vikombe.

Kabati lilipong'oka, fundi akainua mfuniko, akazamisha mkono hadi begani, akatoa mkanda wa feni uliochanika kama utambi wa kibatari. Akazamisha tena, akatoa kipande cha mti, ncha imeungua.

"Mwiko wangu!" shangazi akaruka.

Ulikuwa umepenya kwenye tundu nililotoboa mwenyewe nipitishe waya wa taa. Fundi akaunyanyua juu watu wauone. "Bosi, mwiko kwenye injini ni mwiko." Walicheka hadi waliokuwa ng'ambo ya barabara.

Bodaboda akatumwa Lindi mjini na kile kipande cha mkanda kiwe sampuli. Akarudi na mkanda unaoweza kuzunguka injini na mimi ndani yake. Nadhani ulikuwa wa mashine ya kusaga. Safari ya pili akapatia. Fundi, seremala na bodaboda wote walilipwa kwa noti zilizonuka mafuta ya chapati, kutoka kwenye kitenge cha shangazi.

Mikindani tuliingia usiku. Alfajiri nikashtuliwa na kishindo mlangoni mwa gari. Nikafungua: dereva wa lile lori la Mingoyo, na wenzake watatu nyuma yake.

"Za asubuhi, kijana. Mama ameshaamka?"