Wakili wa ajali na wakili wa mahabusu, awe mmoja au wawili?

Huku Mtwara wakili akimpigania mtu aliyevunjwa mguu na gari anasifiwa mtaa mzima, ila akisimama kumtetea kijana wa kesi ya mauaji haohao wanamuita mtetezi wa wauaji, ndo maana wapo wanaosema wakili achague moja. Mi naona abaki na zote mbili, ingawa hoja yao ina uzito.

Tuseme lori limegonga bodaboda pale Mikindani. Abiria yuko hospitali ya Ligula na vyuma mguuni, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iko chini ya mto, na dereva kashtakiwa kwa uendeshaji wa hatari. Wakili mmoja hawezi kuwashika wote wawili, hilo halina mjadala. Lakini aliyewahi kutetea madereva wengi anajua kumbana trafiki kwenye ile ramani ya ajali, nani alishika futi, alama za breki zilianzia wapi, pikipiki ilisogezwa kabla ya kupima au baada, sasa huyo siku akimdai mwenye lori fidia anajua mapema wapi atabanwa na anapaziba kabla. Na anajua kitu ambacho ndugu wa majeruhi wengi hawakijui, kwamba dereva kuachiwa kwenye jinai sio mwisho wa fidia, manake jinai inataka kuthibitisha bila kuacha shaka, madai yanataka tu ushahidi wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Wengi wanakata tamaa hapo wanaacha mpaka miaka 3 inapita na mlango wa kudai unafungwa.

Upande wa pili ni hela, na hapa wanaopinga wananigusa kweli. Gari lina walau bima ndogo, ile ya kumlipa aliyegongwa, ukishinda yupo wa kulipa. Mahabusu wa gereza la Lilungu ana mama anayeahidi kulipa korosho zikiuzwa, mauaji hayana dhamana, kila tarehe anaambiwa upelelezi haujakamilika, na wakili anajua hiyo safari ni ndefu na haina kitu. Zikigongana tarehe mbili siku moja ataenda wapi? Jibu tunalijua, na huyo mama ndo atapiga simu isipokelewe.

Wenzetu Marekani walilikata hili kwa namna yao, tangu kesi ya Gideon mwaka 1963 asiye na uwezo kwenye kosa kubwa lazima apewe wakili kwa gharama ya serikali, na wa ajali wengi wanachukua kama theluthi ya fidia wakishinda, kwahiyo mtu anaweza kuishi upande mmoja tu maisha yote. Kwetu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na wanasaidia sana kushauri, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Sasa ukimwambia wakili wa mkoani aache ajali abaki na jinai atafunga ofisi, ukimwambia aache jinai, Lilungu watabaki na nani?

Kwa hiyo fidia ya majeruhi ndo inalipa pango la ofisi ambayo mahabusu naye anaingia, mi sioni aibu hapo, ila asilimia ya wakili iandikwe kabla kwa Kiswahili na majeruhi aione hundi ya bima kwa macho yake. Na hawa mawakili wanaopangiwa kesi za mauaji Mahakama Kuu, serikali iwalipe vizuri na kwa wakati, ili tarehe zikigongana yule mama asiwe wa kuachwa kila mara.