Kubipu saa nane za usiku

Wapo hapa Amu, mji wa Lamu nchini Kenya, wanaomlaumu mshauri nasaha yeyote anayezima simu usiku. Hana huruma, wanasema, kazi ya nyoyo za watu haina saa za ofisi. Siwaungi mkono. Anayesikiliza misiba ya wenzake kutwa nzima, akalala na simu kichwani pake, haufiki mwaka atakuwa hana tena sikio la kumsikiliza mtu. Na azime. Ila aseme tangu kikao cha kwanza kwamba huzima, saa ngapi, na mteja ampigie nani badala yake. Baya ni kunyamaza. Mtu kapewa namba “kwa lolote lile”, anabipu saa nane za usiku kwa kuwa hana salio, hajibiwi, anaona ametupwa.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaruhusu wateja kupiga simu kati ya vikao. Simu hiyo ni fupi, ya kukumbushana mbinu walizojifunza. Aliyekwisha kujidhuru hutakiwa asubiri saa 24 kabla ya kuzungumza na mshauri, isipokuwa uhai wake uko hatarini. Ukiisoma kanuni hiyo haraka utasema huo ni ukatili. Lakini humzoesha mteja kupiga mapema, wakati bado kuna la kufanya, na ndiyo maana naikubali.

Wenzake wawili, Barbara Stanley na Gregory Brown, walibuni karatasi ya mpango wa usalama ambayo mteja na mshauri huiandika pamoja: dalili za hatari, anayoweza kuyafanya peke yake, watu na mahali pa kumtuliza, wa kumwomba msaada, wataalamu, na kuviondoa nyumbani vitu vya kujidhuru. Ni kazi nzuri, ila inaonekana imetungwa na watu waliozoea kusafiri kwa barabara. Mteja wa kisiwa cha Pate akizidiwa usiku, kati yake na hospitali ya King Fahd iliyoko Amu kuna bahari, na maji yakipwa safari ya boti huwa ngumu. Karatasi yake bila jina la nahodha haijakamilika. Iandikwe pia jirani wa kumwamsha, na kama hospitali ya Faza ndiyo ya karibu, basi aende huko kwanza. Ile namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, nayo iwemo, maana haihitaji salio.

Nahodha lakini anaujua ukoo wako wote. Hapo ndipo wengi hukwama, na si aibu tu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhukumu aliyejaribu kujiua hadi miaka miwili jela, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Hukumu imetoka, hofu bado imo majumbani; jamaa bado watakwambia mgonjwa “kakosea dawa”. Basi mteja mwenyewe achague nani ajue, na ajue kiasi gani. Nahodha anatosheka kuambiwa kuna mgonjwa.

Halafu kuna mafuta. Boti ya kukodi usiku si nauli ya abiria wa asubuhi, na nimewaona jamaa wakibishana gatini nani atoe pesa, mgonjwa kakaa pembeni anawasikia. Liulizwe mapema hilo, jina la mlipaji liandikwe chini ya la nahodha.