Grafiksi kali huja mwishoni, PS2 ilishatuonyesha

Watu wakianza ubishi wa grafiksi za gemu ni mashine kwa mashine, PS5 na Xbox, nani ana teraflopsi nyingi (kipimo cha nguvu ya mashine kupiga hesabu), nani kamzidi nani, na ubishi huo mimi umenichosha kitambo. Ushindani unaonikuna ni ule wa ndani ya mashine moja. Chukua gemu ya mwaka wa kwanza wa konsoli, yaani mashine ya gemu, na gemu ya mwaka wake wa sita, chuma kilekile, memori ileile, hakijaongezwa kitu humo ndani, halafu ziangalie zote mbili kwenye tivi moja. Hapo ndo unajua nani fundi.

Tuiongelee PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony, maana ndo wengi tunaifahamu. Imetoka Japani Machi 2000, memori MB 32, na ile chipu ya kuchora picha ilikuwa na memori yake pembeni ya MB 4 tu. MB 4 jamani! Picha moja ya kamera ya simu yako saa hizi inaweza isienee hapo. Dreamcast, konsoli ya Sega ambayo ilitangulia, ilikuwa na MB 8 upande huo. Ndo maana gemu za mwanzo mwanzo kama Ridge Racer V gari linang'aa vizuri tu lakini kingo zake zote ngazi ngazi, na watu wakaanza kusema mashine hii maneno mengi kuliko kazi.

Kumbe mashine haikuwa na shida, shida ilikuwa hakuna aliyeijua. Zile MB 4 sio stoo, ni meza ya fundi, hutakiwi kurundika kila kitu pale, unaleta unachochora sasa hivi, ukimaliza unatoa unaleta kingine, maana njia ya kutoka memori kubwa mpaka pale ilikuwa na spidi ya ajabu. Halafu kulikuwa na vitengo viwili vya hesabu vilivyoitwa VU0 na VU1, hivi ukitaka vifanye kazi sawasawa unaviandikia maelekezo kwa mkono, mstari kwa mstari, karibu na lugha ya mashine yenyewe. Studio nyingi VU0 ilikaa tu bila kazi ya maana, sasa hebu fikiria umelipia kitu kimekaa bure. Ikachukua miaka watu kukaa na hiyo mashine mpaka wakaielewa, na matokeo yake chukua gemu za ngumi za Tekken, weka Tekken Tag Tournament ya 2000 kisha weka Tekken 5 ya 2005, hata wale mnaomchukua mpiganaji Eddy na kubonyeza teke tu mtaiona tofauti.

Lakini mfano wangu mkubwa ni GTA, zile gemu za kuzurura mjini na kuiba magari. GTA III 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004, zote PS2 hiyohiyo. GTA III jamaa unayemchezesha ana mikono kama mabonge, vidole hamna, ukivuka kwenda kisiwa kingine gemu inasimama inalodi. Vice City nayo ukifika darajani subiri kwanza. San Andreas ikaja na miji mitatu, majangwa, misitu, mlima, unaendesha kutoka Los Santos mpaka Las Venturas bila kusimamishwa na mtu, na juu ya hapo CJ, jamaa unayemchezesha humo, akila sana ananenepa, akienda gym anatanuka kifua. Memori ni zilezile MB 32! Walichofanya ni kuifanya gemu isome DVD muda wote unaotembea hata ukivuka mji, mtaa ulio mbele unaingia, wa nyuma unatupwa, na aliyecheza na DVD iliyokwaruzika anakumbuka ile ya kukimbiza pikipiki halafu barabara inachelewa kutokea, unajikuta uko kwenye kitu cha kijivu hakina hata mstari, mara paap nyumba zinaota pembeni.

Na ile hewa ya rangi ya chungwa ya Los Santos, ule ukungu kwa mbali, wengi tulidhani ni urembo. Ni urembo ndio lakini pia ni pazia, nyuma yake hakuna kitu kilichochorwa maana mashine ingezidiwa. Uzuri wake ukaja kuonekana pale walipoutoa. Novemba 2021 zikatoka upya zile GTA tatu kwa mashine za kisasa, na kwa kuwa sasa nguvu ipo wakaacha uone mpaka mwisho wa macho, basi ukipanda Mount Chiliad unaiona ramani karibu yote na ndo unagundua kumbe ule ulimwengu mkubwa wa utotoni ni kaeneo kadogo tu, jangwa na jiji vimepakana kabisa. Watu waliwasema vibaya mno, na Novemba 2024 ikaja apdeti ya kurudisha ule mwanga na anga la zamani. Kwa hiyo unaweza kuwa na mashine kali mara kumi ukatoa kitu kibaya kuliko yule aliyekuwa na MB 32 na akili.

Kilele cha PS2 kwangu ni God of War II, Machi 2007, wakati PS3 tayari iko madukani. Pale mwanzo tu Kratos, shujaa wa gemu hiyo, yuko Rhodes anapigana na sanamu refu kuliko majumba, unapigana nalo nje, mara uko ndani yake. Sijui wengine wanaionaje ila kuna gemu za PS3 za mwaka ule zilikuwa mbaya kuliko hiyo.

Baada ya hapo ni kushuka, tusidanganyane. PES, ile gemu ya mpira, iliendelea kutoka kwenye PS2 mpaka PES 2014, Sony wenyewe walishaacha kuitengeneza mashine, na ukiiangalia ni usajili mpya tu umebandikwa, uwanja ni uleule na mashabiki ni walewale wa makaratasi. Mafundi wazuri walishahama.

Sasa PS3 ilikuwa ngumu zaidi, na mwaka 2009 Kaz Hirai, ndo alikuwa bosi wa PlayStation, alisema wazi kwamba hawatengenezi mashine rahisi kwa sababu ikiwa rahisi kila mtu ataimaliza mapema, miaka inayobaki mtafanya nini? Nilivyosoma nilicheka, maana ni jeuri ya hali ya juu, lakini angalia Uncharted ya kwanza 2007 na The Last of Us ya 2013 useme jamaa hakuwa na hoja.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mark Cerny aliyeongoza usanifu wa PS5 alieleza 2020 muda wanaotumia watengenezaji mpaka waanze kupata kitu kwenye skrini: PS2 miezi 3 hadi 6, PS3 miezi 6 hadi 12, PS5 chini ya mwezi mmoja. Raha kwa watengenezaji, sikatai, ila ndo maana Demon's Souls iliyotoka siku moja na PS5 mpaka leo ipo kwenye meza ya wakubwa. Na God of War Ragnarök ya 2022 bado ilitoka na PS4 pia, kwa hiyo mashine mpya muda mrefu imekuwa ikibeba mizigo ya mwenzake.

Sisi huku PS2 wengi tulikutana nayo mabandani, imechoka, imechipiwa (imefungwa chipu ya kusoma diski za kunakili), pedi inakwama kulia, wenzetu wa Ulaya washahamia kwingine, na tulijiona tumeachwa. Mbona tulipata zile kali zote kwa mkupuo? Ridge Racer V hata hatukuiona, tulianzia San Andreas. Ndo maana PS5 Pro yao iliyotoka 2024 kwa dola 700 sina presha nayo, nitakuja kuchukua mtumba ya kawaida zile gemu za mwisho zikishatoka na zikishashuka bei. Ila GTA VI ikitua tuonane, sitaki mtu aje kunikumbusha niliyoandika hapa.